Aliyenishitaki Sokoni Malindi

Leo nimeshitakiwa hadharani, sokoni Malindi, hapa kisiwani kwetu.

"Mzee huyu alinifukuza kanisani!"

Bibi mmoja wa buibui alininyooshea kidole. Watu wakageuka. Nikarekebisha kofia.

Mwaka wa Mapinduzi nilikuwa mwalimu mkuu wa skuli ndogo ya kanisa.

"Nilikuwa nikikwepa chuo cha Kurani, najificha kwenye kwaya yao," akawaeleza. "Yeye, Mkristo, akanishika mkono, akanipeleka mpaka kwa Maalim: 'Mwanafunzi wako huyu, msomeshe Kurani.'"

Kumbe ni Zuhura, yule mtoto wa kwaya! Nasikia siku hizi yeye ndiye anayesomesha Kurani mtaani kwao.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu. Ahsante."

"Marahaba," nikajibu.

Namshukuru Mungu.

Niambieni, walimu wenzangu: nani mwingine ameshukuriwa kwa kumfukuza mtoto kanisani?