Jina la Baba Lilitosha

Saa kumi na dakika arobaini alasiri, siku ya Jumamosi, mimi na mwenzangu wa maabara tulibisha mlango wa mzee mmoja wa Kihindi mjini Houston aliyetangaza chumba cha kupanga. Mwenzangu, naye Mhindi, wa kusini, alikuwa amehamishiwa huko kutoka tawi letu la Dallas. Jumatatu angeanza kazi na hakuwa na pa kulala. Nilimsindikiza kwa gari langu kutoka Cedar Hill, kitongoji cha Dallas.

Mzee alitukaribisha chai, akauliza jina. Mwenzangu akataja lake na la baba yake.

"Na la ukoo?"

"Ni hayo tu, mjomba."

"Kijiji gani? Babu yako alifanya kazi gani?"

Mimi nilifurahi. Kwetu Tabora, mtu akikuuliza kabila huenda anatafuta mtani, na akimpata kejeli za kirafiki huanza hapo hapo. Nikamhimiza mwenzangu: "Mwambie mzee, labda ni ndugu yako!"

Mzee alitabasamu, akakumbuka kwamba chumba alikwisha kumwahidi mpwa wake.

Garini mwenzangu akaniambia kwamba babu yake alikuwa na jina la ukoo, na kila aliyelisikia alijua kuwa wao ni wachunaji wa ng'ombe waliojifia, watu wa tabaka la chini kabisa, ambao kikombe chao huwekwa kando. Baba yake alilifuta alipowaandikisha watoto shule.

"Asiyetupata kwa jina, kaka, hutupata kwa maswali."

Kwa miaka yote niliyofanya naye kazi niliamini tunafanana. Mimi pia hubeba jina la baba, kama Watanzania wengi, na halijawahi kunigharimu kitu. Nilimshukuru kwa kuniambia. Hakuwa na wajibu wa kunifundisha.

Tukaenda Gulfton, mtaa mwingine wa Houston, kwa dada mmoja Mzaramo, mtani wangu, muuguzi, ambaye mwanawe alikuwa ameondoka kwenda chuoni na kuacha chumba kitupu.

"Mnyamwezi wewe! Leo umemtwisha nani mzigo wako?" Akatumiminia chai, akamgeukia mwenzangu kwa Kiingereza. "Na wewe, kwenu ni watu gani?"

Kikombe kilisimama mkononi mwa mwenzangu.

"Dada," nikamwambia kwa Kiswahili, "hilo usimuulize. Kwao si utani."

Akanitazama kidogo. "Sasa nitamtania nini?"

"Mtanie upishi."

Akamuuliza kama huunguza sufuria.

"Kila siku," mwenzangu akajibu, akacheka kwa mara ya kwanza tangu mchana.

"Basi zako utanunua mwenyewe. Zangu usiguse." Akamwekea ufunguo mezani.

Namshukuru dada yule mpaka leo, maana hakutaka hata kujua sababu. Kodi yake ilikuwa chini ya ile ya mzee kwa dola mia moja na hamsini kwa mwezi. Mwenzangu alikaa mwaka mzima, akaokoa dola elfu moja na mia nane.