Maji ya Stroberi

Sisi tuliokulia Kasikeu tulijua maji yanatoka sehemu mbili tu: mawinguni, yakipenda, na mtoni, ukichimba mchanga hadi kiuno kikuume. Utotoni mwetu hata maji ya kunawia mikono yalienda kumalizikia kwenye sukuma wiki. Watoto wa leo wanafungua mfereji huku wanatazama simu, na maji yanamwagika hadi mimi nipige kelele.

Jumapili moja pasta alikuwa aje kwetu kunywa chai. Jirani yetu Mama Njeri, aliyekuwa na duka Sultan Hamud, alikuwa ametoka kwao Limuru na mkebe wa stroberi. Hatukuwa tumewahi kuziona. Zilikuwa nyekundu, zina harufu tamu, lakini ukionja moja uso unakunjamana. Mama Njeri alimwambia mama azikatekate, azinyunyizie sukari, azifunike na kuziacha. Mama alifanya hivyo, akabakisha chache mkebeni, akaniachia ulinzi na kwenda kwaya. Nililinda bakuli lile kama askari wa benki, nikimfukuza ndugu yangu Mutua kwa mwiko.

Mama aliporudi na kufunua, stroberi zilikuwa zimenywea, zinaelea kwenye maji mekundu.

"Mueni, nani ameweka maji hapa?"

"Si mimi, mwaitu," nikamlilia mama.

"Kwa hivyo maji imejileta yenyewe kutoka mto?"

Kwetu maji hayakuwahi kujileta. Mama aliamua nimedokoa chakula cha wageni, nikajazia maji kuficha wizi. Nilifungiwa jikoni. Kupitia ufa wa mlango nikawaona wageni, nikamsikia mama akimwambia pasta, "Mtusamehe, huyu mtoto wangu ameiba." Niliona aibu hadi nikatamani kutoroka nyumbani.

Mama Njeri, aliyekuja pia kunywa chai, akaangua kicheko. "Hayo si maji ya mtoni, Mama Mueni. Ni sukari imeyatoa ndani ya stroberi!"

Mama hakuamini. Alizichukua zile za mkebeni, akazikata, akazinyunyizia sukari mbele ya kila mtu, kisha akakaa kuzitazama. Chai ikapoa. Pasta naye akainama kutazama. Baada ya muda stroberi zikaanza kung'aa, na chini ya sahani pakatokea kijito chembamba chekundu.

Enzi zile mzazi akikukosea alikupikia chapati na kunyamaza, nawe ukaelewa. Mama alifungua mlango wa jikoni, akanishika mkono hadi mbele ya wageni. "Mwana wakwa, nimekukosea. Wewe si mwizi." Akanipa bakuli lake. Nilikula huku nalia, na sijawahi kuonja kitu kitamu vile.

Juzi nilimgombeza binti yangu kwamba amemaliza bando langu la intaneti. Kumbe simu yangu yenyewe ndiyo iliyokuwa ikijipakulia mambo yake. Nilifikiria chapati. Halafu nikaenda chumbani kwake, nikamwambia, "Nimekukosea."

Akainua macho. "Mum, kwani uko mgonjwa?"

Nilicheka. Sisi tuliambiwa neno hilo mara moja, tukalitunza hadi uzeeni. Naomba binti yangu alisikie mara nyingi hadi asikumbuke hata moja.