Barua Ndani ya Maua ya Mkubwa

Niseme mapema: ujinga niliufanya mimi, tena nikiwa nimevaa shati lililopigwa pasi. Nilimwandikia barua balozi wa nchi moja ya Ulaya, nikaikunja mara nne, nikaisukuma katikati ya shada la maua, halafu nikampa maua hayo huku natabasamu kama mtoto wa komunio ya kwanza. Nilijiona mtu wa akili sana. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na katika umri huo mtu anajiona hivyo karibu kila siku.

Sababu ilikuwa mjomba wangu, mdogo wake mama. Yeye ndiye anayeongoza sherehe za arusi hapa Likasi. Anashika mikro, anatania wakwe, anacheka na mapadri mpaka wanajifuta macho. Sasa Jumamosi moja, arusini, akamwiga Mkubwa wa mji. Namwita Mkubwa tu. Mwenyewe anapenda sana kuandikwa, lakini si namna hii. Mjomba aliiga jinsi Mkubwa anavyokohoa mara tatu kabla ya hotuba, na jinsi watu wanavyoanza kupiga makofi tangu kikohozi cha pili. Mtu mmoja akachukua video, video ikatembea kwenye simu za mji mzima. Jumanne wakaja wanaume wawili wenye miwani myeusi kumchukua. Kwa adabu kabisa. Walimngoja hata afunge kamba za viatu.

Kila siku mama alipeleka bukari, ugali wetu, kwenye kasho, kile chumba cha kufungia watu nyuma ya ofisi. Mlinzi alipokea sahani, lakini kumwona mjomba, hapana. Jumatano ya wiki iliyofuata akamnong'oneza: Jumatatu watamhamishia gereza la Buluo. Kwetu kila mtu anaelewa. Kwenye kasho unaweza kutoka kwa neno la mtu mmoja. Ukifika Buluo unakuwa na dosie, faili la mashtaka, na dosie haijawahi kuwa na haraka. Mama ni mshonaji. Siku hiyo alirudi nyumbani akaishonea blauzi ya mteja mikono miwili ya kulia. Hapo nikajua mambo yameharibika.

Ijumaa balozi alikuwa anakuja shuleni kwetu kufungua kisima. Redio ilisema anatembelea mkoa ili kuzungumza na wenye mamlaka. Mimi nilielewa anakuja kuwagombeza. Basi nikaandika, kwa Kifaransa changu cha mitihani:

"Mheshimiwa Balozi, mjomba wangu amefungwa kwa sababu ya kuchekesha. Jumatatu wanampeleka mbali. Mwambie Mkubwa amwachilie. Akikataa, usinywe Fanta yake."

Nilipanga kumsukumia mkononi akipita. Tulisimama kwenye mistari tangu saa moja asubuhi. Direkta wa nidhamu alitufundisha kwamba balozi akituuliza swali lolote, jibu ni moja: "Tuko bien, Excellence!" Ilipofika saa nne, msichana aliyeshika maua akazimia kwa jua. Direkta akapitisha macho kwenye mistari akitafuta shati lililonyooka. Mtoto wa mshonaji nikatolewa mbele, nikapewa shada. Nikasema moyoni, Mungu naye anampenda mjomba.

Nikaisukuma barua katikati, nikatoa maua. Balozi akasema merci, akanishika mkono, tukapigwa picha. Picha ilipokwisha tu, mtu wa protokole, baba mmoja mwembamba mwenye suti ya rangi ya udongo, akayatoa yale maua mkononi mwa balozi kama mama anavyomnyang'anya mtoto kisu.

Hapo ndipo nilipokumbuka kitu ambacho hata wadogo wa shule ya msingi wanakijua. Maua yale ni ya ofisi. Ni ya plastiki. Yanaoshwa kwa sabuni baada ya kila mgeni, yanarudi kabatini. Yamepokea maaskofu, mawaziri, na timu moja ya mpira iliyofungwa mabao matano.

"Mwana," rafiki yangu akaninong'oneza niliporudi kwenye mstari, "uko unatoka jasho. Ulitia nini mule ndani ya maua?"

"Wasia wangu."

Nikabaki nangoja balozi aanze kugombeza. Akakaa chini ya tenti karibu na Mkubwa. Akasifu kisima, akasifu mji, akasifu karanga. Mkubwa akakohoa, tukapiga makofi, na balozi naye akapiga. Kisha akanywa Fanta. Chupa mbili!

Saa tisa mtu wa protokole alikuwa sebuleni kwetu. Barua yangu ilikuwa juu ya goti lake.

"Mama, weye njo mama ya huyu?"

"Eh, papa. Amefanya nini tena?"

Akamsomea, polepole, kama misa. Alipofika kwenye Fanta, mama akaweka mkasi chini.

"Papa, huyu mutoto haiko na kichwa. Na madaktari banajua."

"Kama Mkubwa alisoma hii, ndugu yako angekuwa Buluo tangu saa sita."

"Haikusoma?"

"Mwenye kuosha maua ni miye."

Akamrudishia mama barua. Mama akaitia chini ya cherehani bila kunitazama, na hilo la kutonitazama ndilo lililoniuma. Halafu yule baba akashusha sauti, ingawa tulikuwa watatu tu na kuku uani.

"Balozi aliuliza. Haikugombana, haikupiga meza. Kwa chakula, kati ya samaki na ndizi, akauliza kama hapa kuko bantu benye bamefungwa juu ya maneno. Mkubwa akajibu: hata mumoja. Sasa ile jibu inamusumbua. Anatafuta namna ya kumuachilia ndugu yako, lakini asionekane kama mugeni njo alimutuma."

"Basi amuachilie tu."

"Mama, wakubwa habafanye vile. Kesho saa tatu anapokea bantu. Kuja umushukuru."

"Nimushukuru juu ya nini? Hayamuachilia bado!"

"Shukuru kama vile ameisha kumuachilia. Mbele ya bantu. Halafu tutaona kama atasema hapana." Akasimama, akavaa kofia. "Na usikuje mikono wazi."

Asubuhi mama akaingia katikati ya kuku wake. Mimi nikamwonyesha jogoo mnene.

"Mama, huyu njo wa heshima."

"Nyamaza. Weye umeisha kusaidia."

Akamchukua jike mmoja wa kahawia aliyekaa peke yake karibu na karo la kuoshea vyombo. Mimi ndiye niliyembeba. Njia nzima hakupiga bawa, alifumba macho nusu tu. Nikafikiri, hata kuku wanaogopa serikali.

Kwa Mkubwa watu walikaa kwenye viti kuzunguka ukuta, na kijana wa redio alishika mashine yake ya kurekodi. Zamu yetu ikafika. Mama akapiga goti moja, akagonganisha viganja taratibu, namna wanavyosalimu wakubwa upande wa wazazi wake.

"Papa, merci. Merci juu ulimulinda ndugu yangu. Merci juu leo unamurudisha kwetu."

Mkubwa akamtazama mama, akaitazama mashine ya redio. Mtu wa protokole, kule mlangoni, akaanza kupiga makofi. Kwetu makofi yakianza, hakuna anayetaka kuwa wa mwisho. Ukuta mzima ukapiga. Mama akaendelea: merci Papa, merci Papa. Mimi nilitamani sakafu ifunguke, nami nimeshika kuku.

"Mama," Mkubwa akasema hatimaye, "mimi pia ni mzazi." Akanyoosha kidole, akamgusa kuku kichwani. "Kuku wa adabu."

Saa tano mjomba akatoka. Alikuwa ameshika suruali kwa mkono kwa sababu mkanda ulipotea huko ndani. Hakusema utani hata mmoja, na hiyo ilinitisha kuliko miwani myeusi yote ya mkoa. Tukatembea, mama amemshika mkono wa shati kana kwamba atapeperuka. Tulipopita soko, mimi, ambaye siwezi kunyamaza hata kwa dawa, nikasema:

"Mama, ulisema merci mara kumi na moja. Nilihesabu. Haukusikia haya?"

Mama akageuka nyuma kuona kama kuna mtu. Akamtazama mjomba, akanitazama mimi, kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Ile kuku iko na ugonjwa tangu juzi," akasema. "Haitafika kesho."