Aliyenichagulia Bunduki

Sikuandika haya kwa pupa. Nimekaa nayo miaka, nikiyapima kama nilivyofundishwa chuoni kupima ushahidi: nani aliona, aliona kutoka umbali gani, mwanga ulikuwaje, na nani ananufaika kwa kusema uongo. Mimi sinufaiki na chochote. Kila aliyewahi kunisikia nikihadithia hunitazama mara ya pili kwa jicho jengine, na ana haki. Lakini ilikuwa mchana, saa nane na kitu, jua la Sharqiyah, mashariki ya Oman, limesimama wazi. Sikuwa na homa, sikuwa na njaa, na miwani yangu ilikuwa machoni. Basi usinambie kwamba niliota. Laiti ingekuwa ndoto.

Lazima nianze na kaka yangu, Nassor. Tulizaliwa Unguja mjini, wawili tu wa tumbo moja, yeye akinitangulia kwa miaka minne. Familia yetu ilipohamia Oman, mwanzoni mwa miaka ya sabini, mimi nilipelekwa Misri kusoma na yeye akabaki na mama huko Ibra, mji wa mababu ambao marehemu baba aliutaja umri wake wote bila ya kuuona. Nassor alikuwa fundi wa magari. Chuma kilikuwa kikimwambia siri zake. Alikuwa akigonga kitu kwa ukucha, akasikiliza, akakwambia kitavunjika lini.

Siku moja asubuhi alikwenda kuoga kwenye falaji, mfereji unaopita mashambani, akarudi akisema kichwa kinamuuma. Alasiri alikuwa ameshazikwa. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Mimi nilipata habari kwa barua, siku kumi na mbili baadaye.

Mama ndiye aliyemwinua kichwa ili afungwe kidevu. Tangu saa ile alishikilia neno moja: "Kichwa kile hakikuwa na uzito wa mwanangu." Majirani wa Kiarabu wakampa jina la jambo hilo, mughayyab, yaani aliyefichwa. Wanaamini kwamba mchawi humtwaa mtu yu hai, akaacha mahali pake gogo la mtende lenye sura yake. Watu huzika gogo. Mwenyewe hutumikishwa mashamba ya mbali, hana kauli, hana kumbukumbu, wala hazeeki. Ila mara moja, mara moja tu, akikutana na ndugu wa damu, hufunguka ulimi akamsemesha. Ndugu akimjibu na kumshika mkono, amerudi. Asipojibiwa, basi tena.

Niliporudi na shahada yangu ya kwanza, nikiwa nimeanza utafiti wa ya pili, nilimwambia, "Mama, huo ni msiba tu unaosema."

"Na uwe msiba," alinijibu. "Wewe ukimkuta, mshike."

Utafiti wangu ulihusu bunduki zilizoingia pwani na bara ya Oman zama za mababu zetu, na kwa kisingizio hicho nilianza kuzikusanya. Nasema kisingizio kwa sababu nimeamua kusema kweli yote. Utafiti ulitaka karatasi, haukutaka chuma. Kilichonipeleka kwenye chuma ni harusi moja pale Ibra, wanaume wamesimama safu mbili kwa razha, ile ngoma yao ya panga na bunduki. Binamu yangu mmoja alipaza sauti: "Huyu Mzinjibari mpeni fimbo, bunduki itamwangusha!" Walicheka. Nami nilicheka, kama anavyocheka mgeni. Mwezi haukupita, nilikuwa na bunduki yangu ya kwanza, Martini kongwe ya Kiingereza, kisha nikapata ya pili.

Na kuna jengine, dogo, lakini utaona uzito wake. Mbele ya Waarabu nilikuwa sisemi Kiswahili. Mama akiniita sokoni, "We mwanangu, njoo unibebee," mimi hujifanya nasoma maandishi ya kopo la maziwa mpaka anyamaze. Je, nilimwonea haya mama yangu? Siku zile ningekataa kwa hoja tatu zilizopangwa vizuri. Leo sina hata moja.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nikaona mkusanyiko wangu una pengo. Martini zote mbili zilikuwa za kutia risasi moja moja. Nilitaka bunduki ya kijeshi hasa, ya komeo na magazini, ile waliyobeba askari. Nikaelekezwa Al Qabil, mji wa kusini ya Ibra, kwa mzee mmoja aitwaye Khalfan, mwenye shamba la mitende, aliyekuwa akiuza silaha kongwe katika ghala lake la tende watu wakishalala baada ya adhuhuri.

Khalfan alinipokea kwa kahawa na kejeli. Nilikuwa nimevaa kilemba nilichokifunga upya mara tatu mbele ya kioo cha gari, na Kiarabu changu kilikuwa cha vitabuni, kila irabu mahali pake. Alinisikiliza, akatabasamu.

"Ewe ustadhi," alisema, "unasema kama redio. Kwenu wapi?"

"Ibra," nilisema. "Baba na babu, Ibra."

"Mashaallah. Nilidhani u katika watu wa Zinjibar. Hao wakija hapa huchagua bunduki kama wanawake wanavyochagua kanga: wanataka ile yenye rangi."

Nilicheka sana, niamini. Nilicheka kuliko yeye.

Akapiga kofi. Kutoka nyuma ya marundo ya tende akatoka mtu amebeba bunduki mbili mikononi, moja juu ya nyengine, kama mtu aliyebeba mtoto. Kichwa kimeinama, kanzu yake imefifia rangi, miguu mitupu imerowa maji ya falaji. Alizilaza juu ya mkeka mbele yangu akachutama pembeni. Sikumtazama. Nani humtazama mchukuzi?

Ya kwanza ilikuwa nzuri ajabu, kitako kimepakwa mafuta kikang'ara, mtutu umevishwa pete za fedha. Ya pili mbaya: mbao imepasuka na kufungwa waya, chuma cheusi kama sufuria. Nikavuta komeo la kila moja, nikasoma nambari zilizochongwa juu yake, nikazilinganisha na za mwilini mwa bunduki. Zote zililingana. Basi nikakaa na shaka yangu, kama kawaida yangu, nikihesabu sababu za hii na sababu za ile, na moyo, ningali nikihesabu, ulikuwa umeshakwenda kwenye fedha.

Ndipo nikasikia, chini chini, upande wa bega langu: "Hiyo ya fedha iache, mdogo wangu. Mtutu wake ushaliwa ndani."

Kiswahili. Si Kiswahili cha mabaharia wala cha bara. Kile chetu, cha mjini, cha kabla hatujatawanyika. Nikageuka. Alikuwa amenyoosha mkono, akigonga mtutu kwa ukucha wa kidole gumba, na ukucha ule ulikuwa umepasuka kati kwa urefu. Ulibanwa na mlango wa gari la mjomba, nikiwa na miaka saba. Mlango niliufunga mimi.

Nikapandisha macho. Uso ulikuwa wa Nassor. Nami nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na yule aliyechutama mbele yangu alikuwa na ishirini na sita.

Sasa sikiliza nilichofanya, kwa kuwa hapa ndipo kisa kilipo. Sikupiga kelele. Sikukimbia. Nilichukua kipande cha karatasi nyeupe, nikakitia nyuma ya mtutu kirudishe mwanga, nikachungulia kutoka mbele kuhakikisha aliyoyasema. Ulikuwa umeliwa kweli. Mistari ya ndani imefutika, vishimo kama vya ndui. Mtu aliyezikwa miaka saba ananisemesha, na mimi nakagua bunduki! Unaweza kuniambia ni akili ya namna gani hiyo?

Nilipoondoa jicho kwenye chuma, alikuwa ananitazama. Akasema, kwa taabu, kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisima kirefu: "Mama hajambo?"

Khalfan aliweka kikombe chini. "Amesema nini huyu?" aliniuliza. "Ewe ustadhi, amekwambia nini?"

Nikasikia katika swali lile kejeli yake ya mwanzo. Nikawaona wale wanaume wa harusini, safu mbili, wakisubiri. Jawabu lilikuwa mdomoni, neno moja, hajambo, neno ambalo mtoto wa miaka miwili huliweza. Nikasema:

"Ma adri." Sijui. Kisha, kwa kuwa sikuzoea kusema jambo bila ya kulithibitisha, nikaongeza kwa Kiarabu changu safi: "Hata hiyo lugha siijui ni ya wapi."

Nassor aliinuka. Hakukasirika, ningalipenda angalikasirika. Uso ulifungwa tu, kama duka linavyofungwa, akapita kwenye mlango wa nyuma kuelekea mitendeni. Nami, Mungu ni shahidi, nilitoa daftari nikaandika nambari ya ile bunduki mbaya.

Kwenye tarakimu ya nne nikaweka kalamu chini.

"Yule mtu," nilimwambia Khalfan, "umempata wapi?"

Mzee alikuwa amebadilika rangi. "Aliletwa na mtu aliyeniuzia bunduki hizi, akaniachia, hakurudi tena kumchukua. Ana miaka minne hapa. Bubu. Sijasikia sauti yake mpaka leo." Akanishika mkono wa kanzu. "Ndiyo maana nikakuuliza. Nilidhani amempata mtu wake. Wallahi, ungalisema unaijua lugha ile, ningaliufunga mlango huu kwa mwili wangu."

Nilitoka mbio. Mzee yule, mwenye miaka sabini, alitoka nami, akapanda kingo za falaji na kushuka, akiita watu walioamka usingizini. Nyayo za maji zilitoka ghalani, hatua kumi na moja juu ya udongo mkavu, hatua ya kumi na mbili haikuwapo. Nilimwita kwa jina lake. Nilimwita kwa Kiswahili kwa sauti kubwa kuliko nilivyowahi kuita kitu maishani mwangu, mbele ya shamba zima la Waarabu, na hakuna aliyenicheka. Tulitafuta mpaka magharibi, kesho yake, na wiki nzima iliyofuata, hadi vijiji vya Wadi Bani Khalid. Hakuonekana.

Bunduki mbaya ninayo. Khalfan alikataa kuiuza; alinipa tu, akaniomba nisirudi. Hupiga sawasawa. Nilijaribu mara moja, nikaifunga katika shuka.

Mama nilimficha siku arobaini. Kisha nikamwambia yote, kwa mpangilio, kama ninavyokwambia wewe. Alisikiliza amekaa juu ya msala wake.

"Alikuuliza nini?"

"Aliuliza kama hujambo, Mama."

"Ukamjibu nini?"

Nilimwambia nilivyojibu. Hakulia. Aliukunja msala, pembe juu ya pembe, akanambia kwa Kiarabu: "Chakula kipo jikoni."

Tangu siku ile hakunisemesha Kiswahili tena. Na mama yangu hakujua Kiarabu ila cha sokoni, cha bei na salamu, pengine maneno mia mbili. Katika maneno hayo mia mbili aliishi nami miaka minne. Kila asubuhi nilimwambia, "Shikamoo, Mama," naye akaitikia, "Sabah al-kheir." Na majirani wa Unguja alizungumza kama zamani, niliwasikia ng'ambo ya ukuta, akiwatolea mafumbo, akicheka. Nikiingia, hunyamaza kwa adabu, kama mbele ya mgeni asiyefahamu. Alipougua, alinionyesha kwa kidole mahali panapouma, kwa kuwa neno lake kwa Kiarabu hakulijua. Siku ya mwisho nilipiga magoti nikamwomba radhi kwa lugha yake. Alinitazama sana, akasema, "Allah yisamhak," Mungu akusamehe. Nimeupima msemo huo tangu siku hiyo. Hakusema kwamba yeye amenisamehe.

Basi wewe uliyenisikiliza, usidhani nakuonya na wachawi. Wachawi sina elimu nao, na lililo kaburini Ibra silijui. Sheikh niliyemwomba ruhusa ya kulifukua alinifukuza. Nakuonya na kitu kidogo zaidi. Siku moja, mbele ya watu unaotaka wakuheshimu, mtu mwenye nguo chakavu atakusemesha kwa lugha uliyonyonya nayo. Itika kwanza. Mshike mkono, kisha ndipo ufikiri. Huenda ukawa umekosea, ikawa ni mpita njia tu anayeuliza njia, na watu wakakucheka mpaka ukaona haya.

Mimi ghalani mle sikuchekwa na mtu.