Dakika Thelathini na Tisa Zimebaki

Zamani kidogo, kompyuta zilipokuwa bado hazijajua kujihudumia zenyewe, palikuwa na mwanamke ambaye ofisi nyingi za wilaya zilimngoja kama mgonjwa anavyomngoja daktari. Walimwita Mama Diski. Jina lake la kwenye cheti lilijulikana na mama yake mzazi na mhasibu wa duka tu, na hata mhasibu alikuwa akilisahau.

Alikuwa fundi wa duka la kompyuta. Duka lilipouza mashine liliahidi pia kuitunza, na kuitunza siku hizo kulimaanisha kumtuma mtu kwa miguu yake. Mama Diski alibeba mkoba mweusi wa zipu, na ndani yake mifuko ya nailoni iliyofunguka kama kurasa za kitabu, kila mfuko na diski yake: diski za mfumo wenyewe, diski za masahihisho zilizotoka kila baada ya miezi mitatu, na diski ya dawa ya virusi. Alizishika ukingoni, kidole kimoja kwenye tundu. Mtu akizilaza mezani kwa upande unaong'aa, alikuwa na namna ya kumtazama mtu huyo mpaka aziinue mwenyewe.

Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na binti mmoja wa darasa la pili. Mume alikuwa amekwenda ng'ambo kutafuta kazi, akapata kazi, akapata na mke mwingine huko huko. Barua ya talaka haikuja, wala nauli. Basi akawa hajaachwa na hajaolewa, anaishi na mama yake na binti yake katika vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha magodoro.

Katika vituo vyote alivyozungukia, kimoja kilikuwa juu ya kilima, mwisho wa msitu wa misonobari. Kilikuwa kituo cha kupima hali ya hewa. Pikapu ya duka ilimshusha kwenye lango la msitu, kisha akapanda kwa miguu karibu nusu saa. Huko juu alikaa mtu mmoja peke yake, mwanamume mrefu wa miaka arobaini na kitu, mjane, ambaye watu wa chini ya kilima walimwita Bwana Mvua. Kazi yake ilikuwa kusoma vipimo saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa, jua liwake mvua inyeshe, na kuviandika. Makao makuu yalikuwa yamemletea kompyuta ili aache madaftari. Simu haikufika kilimani, mtandao ndiyo kabisa. Kwa hiyo kila kilichohitajika na mashine ile kilipanda kilima ndani ya mkoba wa Mama Diski.

Mara ya kwanza alimkuta ameifunika kompyuta kwa shuka safi, kama mtoto mchanga. Akamwambia kwamba anaiheshimu tu, haiogopi. Mama Diski akacheka, akaingiza diski ya kwanza. Mashine ikanguruma, mstari wa kijani ukaanza kutambaa, na chini yake yakaandikwa maneno: dakika thelathini na tisa zimebaki.

Baada ya robo saa maneno yalikuwa yale yale.

"Hii ni ahadi ya fundi cherehani," alisema Bwana Mvua. "Njoo kesho, njoo keshokutwa."

Basi wakawa hawana la kufanya ila kungoja. Bwana Mvua alichemsha chai. Saa sita ilipogonga alichukua kalamu akatoka, naye akamfuata. Alimwonyesha kibanda cheupe cha vibao, chenye vipimajoto ndani, na namna ya kuinama ili jicho liwe sawa na mstari, maana ukisoma ukiwa umesimama unaidanganya serikali. Alimwonyesha chombo cha kupimia mvua, kopo la shaba lililozama ardhini nusu. Waliporudi, mashine ilikuwa inaomba diski ya pili.

Baada ya diski ya pili ilidai namba ya siri ya mfumo, herufi na tarakimu ishirini na tano, zilizochapwa kwa maandishi madogo kwenye kibandiko nyuma ya mashine. Mama Diski hakuweza kusoma na kuandika kwa wakati mmoja. Bwana Mvua akapiga magoti nyuma ya meza akamsomea, polepole, akihakikisha kila herufi. M ya mvua. K ya kusi. Sita. T ya tufani. Alipofika mwisho alirudia zote tangu mwanzo bila kuombwa.

Ikawa hivyo kila miezi mitatu, kwa miaka minane. Masahihisho ya kawaida yalikula saa nzima, toleo jipya la mfumo lilikula mchana kutwa. Katika ofisi nyingine Mama Diski alitumia muda huo kusinzia au kusikiliza umbea wa makarani. Kilimani alitumia muda huo kukaa. Wakati mwingine walizungumza sana: kuhusu marehemu mke wake aliyekuwa akiimba akifua, kuhusu mume wa ng'ambo, kuhusu binti aliyekataa hesabu. Wakati mwingine hawakuzungumza kabisa, mstari wa kijani ukatambaa, na ukungu ukaja mpaka dirishani.

Mama yake hakudanganyika. Siku moja alipomwona anapiga pasi blauzi ya kwendea kilimani, alimwambia kwamba ofisi ya kodi haijawahi kupigiwa pasi. Mama Diski alijibu kwamba kule kuna baridi. Mama yake akauliza tangu lini baridi inaogopa pasi.

Lakini hakuna lililosemwa. Mama Diski alijiona bado ni mke wa mtu kwenye karatasi. Bwana Mvua, kwa upande wake, alikuwa mtu wa kuandika kilichopimika, na hili halikuwa na chombo. Miaka minane ikapita hivyo, wote wawili wamejikaza kisabuni.

Kisha likaja jambo la mnara. Kampuni ya simu ilitafuta mahali pa juu pa kusimamisha mnara wa mtandao, na hapakuwa na mahali pa juu kuliko kilima kile. Wakapanda mafundi na vyuma, na kwa wiki sita Bwana Mvua alisoma vipimo vyake katikati ya kelele za nyundo. Ulipokwisha, makao makuu yaliagiza kompyuta ya kituo iunganishwe. Mama Diski akatumwa.

Kazi yenyewe haikuchukua hata nusu saa. Alichomeka waya, akajaribu, kurasa zikafunguka. Kilichobaki kilikuwa kisanduku kimoja kidogo cha mraba kwenye skrini, na mbele yake maneno: mashine ipakue na kuingiza masahihisho yenyewe. Mkono wake ulikuwa juu ya kipanya. Bwana Mvua alisimama nyuma ya kiti.

"Na hicho ni nini?"

"Nikibonyeza hapa, itajipakulia yenyewe. Kila toleo jipya likitoka, litakuja lenyewe kwa mtandao. Hutahitaji diski tena."

Bwana Mvua alishika mgongo wa kiti. "Kwa hiyo safari ijayo utakuja kufanya nini?"

Mama Diski alikuwa na majibu mengi, na kwa miaka iliyofuata aliyapata yote, moja moja, akiwa anaosha vyombo au amelala macho wazi. Lakini saa ile alikuwa fundi, na fundi aliulizwa swali la ufundi.

"Safari ijayo haitakuwepo, Bwana Mvua."

Akabonyeza.

"Ni maendeleo," alisema yule bwana.

"Ni maendeleo," alijibu.

Siku zote Bwana Mvua alikuwa akimsindikiza hadi ukingo wa uwanja. Siku ile alimsindikiza hadi kwenye lango la msitu, chini kabisa, na dereva wa pikapu aliwakuta wamesimama kila mtu anatazama viatu vyake.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Ofisi moja baada ya nyingine iliunganishwa. Mkoba wa zipu ulianza kutoka mara moja kwa mwezi, kisha mara moja kwa mwaka. Siku moja duka lilipokea laptopu mpya, nyembamba kama sinia, na Mama Diski akapitisha kidole kandokando yake yote akitafuta mlango wa diski. Hakuuona. Akaigeuza. Kijana wa mauzo akamwambia kwa upole kwamba hizi hazina, shangazi.

Alihamishiwa kaunta. Watu walileta mashine zao kwa mambo mengine, skrini zilizopasuka, chai iliyomwagika. Mfumo mpya walijipakulia wenyewe nyumbani wakiwa wanapika. Wengine hata hawakujua kwamba umebadilika, walilala na mmoja wakaamka na mwingine. Mama Diski hakuwa mtu wa kulalamikia jambo jema. Alijua habari za daktari aliyepanga foleni wiki mbili kungoja diski, na za shule iliyoliwa na virusi mwaka mzima. Aliwaambia wateja kwamba sasa ni rahisi zaidi, na alimaanisha. Kisha aliketi na kutazama mlangoni.

Angeweza kupiga simu kilimani. Namba ya kituo alikuwa nayo. Lakini angepiga aseme nini, na mashine haina tatizo?

Alichofanya ni hiki. Makao makuu ya hali ya hewa yalianza kuweka vipimo vya vituo vyote kwenye mtandao, na pembeni ya tarakimu palikuwa na safu ya maelezo. Vituo vingine viliiacha tupu. Cha kilimani kilikuwa na maneno kila siku. *Manyunyu tangu alfajiri. Upepo umeangusha msonobari mmoja, haukuleta madhara. Ukungu mpaka mlangoni, sikuona kibanda.* Mama Diski aliyasoma kila asubuhi kabla ya kufungua kaunta, kwa miaka kumi na mmoja. Binti yake, aliyekuwa sasa mtu mzima na mwalimu wa hesabu, alimkuta siku moja akisoma, akauliza, akaambiwa. Alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Kwa hiyo mlikuwa domo zege wote wawili," kisha akamwona mama yake uso, akamshika mkono.

Mwezi wa tano wa mwaka jana maelezo yalikoma. Tarakimu ziliendelea, tena nyingi zaidi, kila dakika kumi, usiku na mchana. Safu ya pembeni ikabaki nyeupe. Mama Diski alingoja wiki nzima, akaomba ruhusa, akapiga pasi blauzi, akaenda.

Alipanda kilima kwa saa nzima, maana magoti hayakuwa yale. Juu alikuta kituo kimefungwa kufuli. Kibanda cheupe hakikuwepo. Palikuwa na mlingoti wa chuma wenye vikombe vidogo vinavyozunguka na kioo cha umeme wa jua. Mlinzi wa mnara alimweleza kwamba vipimo sasa vinajipima na kujituma vyenyewe, na kwamba mzee amestaafu. Alimwelekeza chini, karibu na kiwanda cha mbao, ambako mzee anaishi kwa dada yake.

Alimkuta ameketi kizingitini anachambua kunde. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, mtoto wa jicho pande zote mbili, lakini aliinua kichwa aliposikia hatua.

"Fundi," alisema. Hakuuliza.

Dada mtu aliwaletea kiti, akatazama mmoja, akatazama mwingine, akakumbuka ana kazi jikoni. Walizungumza habari za afya, za binti, za mama aliyekwisha fariki. Kisha Bwana Mvua akasema kuna jambo anataka kuungama, kwa kuwa sasa hana cheo cha kupoteza.

"Mara mbili niliuchomoa ule waya wa mtandao makusudi. Nikawaandikia makao makuu kwamba kompyuta imekataa, niletewe fundi wa zamani, yule anayeijua."

"Wakasemaje?"

"Wakanipigia simu. Kijana mmoja, mwenye adabu sana. Akaniambia: mzee, hebu angalia kama waya umechomekwa."

Mama Diski alicheka mpaka akashika mbavu, na alipomaliza kucheka aligundua kwamba analia, na kwamba yule bwana, ambaye haoni vizuri, anajua.

"Nisingekibonyeza kile kisanduku," alisema. "Nani angejua? Ningesema mashine yako ni ya zamani, haipokei. Ningekuja na diski zangu mpaka leo."

"Ungeidanganya serikali."

"Ningeidanganya."

Alibaki naye mchana kutwa. Jumamosi ile Bwana Mvua alikuwa anasafiri kwenda kwa mwanawe wa kiume, mji wa mbali, siku mbili za basi, akapasuliwe macho na akae huko moja kwa moja. Mwana alikwisha lipia hospitali na kupaka rangi chumba. Hilo halikuwa la kubadilishwa, na hakuna aliyejaribu. Mama Diski alipoaga, Bwana Mvua alimwomba amtajie namba yake ya simu. Alimtajia tarakimu kwa tarakimu, naye akazirudia zote tangu mwanzo, akazishika kichwani.

Simu ililia Jumapili ya tatu, saa tisa alasiri. Upasuaji ulikwenda salama, alisema, sasa anaona mpaka chungu kwenye ukuta. Mama Diski akasema anashukuru. Baada ya hapo hawakuwa na la kuongeza. Alisikia wajukuu wakigombania kitu upande ule, na sufuria ikifunikwa, na pumzi yake. Akasogeza kiti dirishani akaketi, simu sikioni. Hakuna aliyekata.