Friza la Bibi Tausi

Jirani yangu hapa Mbagala ameanza biashara ya barafu za ubuyu, na kila Jumamosi asubuhi harufu ya ubuyu uliochemshwa na iliki inaingia dirishani kwangu bila hodi. Wengine inawatamanisha. Mie nafunga dirisha. Watoto wangu hawajui kwa nini, lakini nyie nitawaambia.

Nilikuwa na miaka tisa. Wazazi wangu walipanga chumba kimoja Mabibo, Baba akiuza ndizi sokoni, na kwa kuwa chumba hakikututosha, nililelewa Temeke kwa Babu, baba yake Baba. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, korido katikati, jiko na choo uani. Bibi aliyemzaa Baba sikumkuta. Niliyemkuta ni Bibi Tausi, mke aliyeolewa na Babu uzeeni na ambaye hakujaliwa mtoto. Baba na ndugu zake walimwita Mama Mdogo. Mie aliniita mke mwenzie, kwa ule utani wa bibi na mjukuu, na tukikorofishana ananituma nikadai talaka kwa mume wetu.

Bibi Tausi aliuza barafu. Friza lake jeupe, lile la kulala lenye mlango juu, lilikaa koridoni likinguruma mchana kutwa. Nikitoka shule nilimsaidia kujaza vifuko na kuvifunga, na vidole vyangu vilikuwa vyekundu kiasi kwamba mwalimu aliwahi kunichapa akidhani nimepaka hina. Majirani nao walihifadhi samaki wao humo, kila fungu na uzi wa rangi yake, na Bibi Tausi hakuwahi kukosea samaki ni wa nani.

Babu alifariki masika. Bibi Tausi akakaa eda: nguo nyeupe, chumbani, pazia limeshushwa, hatoki nje mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Eda haikuwa imefika hata nusu pale watoto wa marehemu walipokuja kugawana. Walikuwa watatu: Baba Mkubwa Salehe, aliyekuwa fundi ujenzi, Shangazi Mwanaidi, aliyetokea Mikocheni akinukia manukato, na Baba. Walikuja na shehe wa mtaani, mzee mpole mwenye kikohozi. Walitandika mkeka koridoni, na mie nikakaa chumbani, nyuma ya pazia, nimeegemea goti la Bibi Tausi.

Walianza na nyumba. Shehe alieleza kwamba fungu la mjane mwenye watoto wa mume ni thumni, moja ya nane. Baba Mkubwa akatoa futi, akapima korido, akapima vyumba, akarudi na jibu kwamba thumni haifiki chumba. Basi Mama Mdogo atapewa stoo ya mkaa kule uani. Bibi Tausi alijibu kutoka nyuma ya pazia kwamba sawa.

Vikafuata vitu. Saa ya ukutani na bakora ya mpingo vikaenda kwa Baba Mkubwa, sinia la shaba kwa Baba. Kitanda cha samadari walikuja kukitoa chumbani huku Bibi Tausi akiwa amekalia ukingo wake. Shangazi alimwomba anyanyuke kwa sauti ile ile ambayo angeombea chumvi mezani. Tukahamia chini, kwenye jamvi.

Walipolifikia friza, ndipo aliposema kitu kirefu kwa mara ya kwanza.

"Kitanda chukueni, na vyumba chukueni. Friza ni langu. Nililinunua kwa barafu zangu, kabla baba yenu hajaanza kuugua."

Shehe alisema mali ya mke haiingii kwenye mirathi ya mume, ila akauliza kama kuna risiti au shahidi. Risiti, Bibi Tausi alisema, aliiweka chini ya friza na maji yaliila zamani. Shahidi yupo.

"Yumo mmoja kati yenu hapo anajua," akasema. "Aseme mwenyewe."

Hakuna aliyesema. Friza lilijizima kama lilivyozoea, na korido ikawa kimya mpaka nikasikia mtu uani akikwangua sufuria. Mie nilichungulia kwenye upenyo wa pazia nikitafuta huyo anayejua ni yupi, kwa sababu nilitaka aseme tumalize.

Ni Shangazi aliyekata kimya kile. "Basi aulizwe mtoto. Anaishi humu, na hana anachokitaka."

Nikatoka, nikawaamkia wote shikamoo. Shangazi akanivuta karibu, akanirekebishia kola ya gauni.

"Zuhura mwanangu, Babu alikuwaga analiitaje hili friza?"

Jibu nililijua, na hakuna kitu nilichokipenda kama kulijua jibu. Babu hakupita pale bila kulipiga kofi mgongoni, kama mtu na ng'ombe wake. Nikaliendea, nikakunja kiuno kama yeye, nikalipiga kofi na kuigiza sauti yake: "Friza langu hili halijawahi kunitia aibu!"

Walicheka wote. Hata shehe alitabasamu, kisha akainamisha uso. Shangazi akasema mtoto hana uongo, na habari ikaisha hapo.

Alinizawadia kikuku cha fedha kilichokuwa cha yule bibi nisiyemkuta. Nilirudi nyuma ya pazia mbio kumwonyesha Bibi Tausi. Akakichukua, akanivalisha mguuni na kukibana vizuri.

"Kimekukaa," akasema.

Gari la kulipeleka friza Mikocheni kwa Shangazi lilikuja alasiri ile ile. Shangazi alisema barafu zenyewe si zake, hazitaki, kwa hiyo zilimiminwa kwenye beseni uani. Bibi Tausi, kwa sababu ya eda, haruhusiwi kutoka kuziuza, na zilikuwa zinayeyuka. Watoto wa mtaa walijaa, na mie, na kikuku changu, ndiye niliyegawa. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile.

Eda ilipoisha Bibi Tausi hakuingia stoo. Alikwenda Ukonga kwa mtoto wa dada yake, akawa anawafulia watu nguo. Nilimwona mara moja tu, siku ya Idi. Alinipakulia pilau, akaniuliza niko darasa la ngapi, akaniita Zuhura. Alifariki nikiwa kidato cha pili.

Nilikuja kuolewa ndipo nikaanza kuelewa. Mume wangu alimwambia mgeni, "Kaa utazame mpira kwenye tivii yangu," na tivii ile niliinunua mie. Hakuwa na nia mbaya. Nikakumbuka kwamba kwa Babu kila kitu kilikuwa chake: jiko langu, mchuzi wangu, vitumbua vyangu. Tangu hapo nilibeba peke yangu neno lile nililolisema nikichekesha watu.

Mwaka jana nilinunua friji. Baba, mzee sasa, alisimama mlangoni akiwaelekeza vijana wanaoliingiza.

"Shikeni chini, msililaze," akawaambia. "Mie na Mama Mdogo wangu tulivuta la kwake kwa mkokoteni, Kariakoo mpaka Temeke, jua la saa saba, na halikupata mkwaruzo. Njia nzima ananihesabia barafu ngapi zimelinunua."

Nilingoja vijana waondoke. Nikamuuliza kwa nini basi siku ile alinyamaza.

Hakushtuka. Alivuta kiti akakaa. "Si mie tu, Zuhura. Wote pale tulijua. Sema tuliona haya kusema wenyewe kwamba ni la Babu yako."

"Mkaniita mie."

"Ulikuwa mtoto. Tulijua utasahau."

Nilimtengea chakula. Alikula vizuri, akausifia mchuzi, akaomba aongezewe. Nilikaa nikimtazama, na nikaona kwamba kusahau kweli kulikuwepo, ila kulimpata yeye: alisahau kiasi cha kuweza kuwasimulia habari ile vijana asiowajua, akicheka, kama kisa kizuri cha ujanani mwake.