Dirisha Langu ni Agizo la Daktari

Nilipoishi Kamsamba, kwenye mashamba ya mpunga, kila mtu alitokwa na jasho, kwa hiyo hakuna aliyelitambua jasho langu. Nilipohamia Tunduma kwa binti yangu, ndipo aibu ilipoanza. Wenzangu walivaa masweta, nami nilijipepea kwa mfuniko wa sufuria na kuamuru dirisha lifunguliwe.

"Mama, utatuua kwa baridi," binti yangu alilalamika. "Kuna vidonge vya homoni kwa wanawake waliokoma hedhi. Twende kwa daktari."

Nilivitamani, sikatai. Nilitaka kukaa kanisani ibada nzima bila kutoka nje kama mama mwenye kichanga kinacholia.

Daktari, mwanamke mpole, aliuliza hedhi yangu ilikoma mwaka gani. Mimi sikusoma, na miaka sikuiandika popote. Nikamwonyesha mjukuu wangu, huyu huyu anayeandika maneno haya.

"Ilikoma mwaka aliozaliwa huyu. Mwulize yuko darasa la ngapi."

"Kidato cha tatu," mjukuu akajibu, macho chini.

Daktari akacheka, kisha akatikisa kichwa. "Bibi, umechelewa. Ukianza vidonge hivyo sasa, nawe una presha, vinaweza kukuletea kiharusi. Tutajaribu dawa nyingine isiyo ya homoni. Vaa nguo nyepesi, na fungua dirisha."

Nikamgeukia binti yangu. "Umesikia? Dirisha ni agizo la daktari."

Tulipotoka hapo, tulipitia sokoni kumnunulia mjukuu sweta zito la mtumba. Acha kucheka, wewe. Andika.